Bangili ya Pumzi na Beberu wa Mahafali

Kwa heshima na taadhima, nilitangaza bwenini kwamba mimi, Lutengano wa kidato cha tatu, ndiye mchangiaji hodari kuliko wote. Wenzangu walikuwa wakihema kama wazee, kwa sababu bangili ya harambee hupeleka nusu ya pumzi ya mvaaji kwa mgonjwa wake katika vijiji vya Wapueblo, wenyeji wa asili wa Marekani, ng'ambo, ambako homa ya mapafu imeingia kila nyumba. Mimi nilicheza mpira. Bangili yangu nilimfunga beberu wa shule mguuni, nayo ikishafungwa haifunguki mpaka mgonjwa apone.

Asubuhi ya mahafali mgonjwa wangu, Bibi Reyes, akapiga simu.

“Mjukuu wangu, leo nimefika mwenyewe kwenye tanuri la uani. Mapafu yako yana nguvu! Ila kila nikilala naota majani.”

Nilicheka hadi niliposikia kisu kikinolewa jikoni. Nikakimbia, simu mkononi. Beberu alikuwa ameshalazwa chini.

“Usimchinje, mpishi!”

“Kwani ni mjomba wako?” akauliza Mzee Kibiki. “Sogea, wageni wanataka pilau.”

Beberu akatetemeka, pumzi ikamkatika. Kwenye simu Bibi Reyes naye akakohoa. “Mjukuu, kuna nini? Mbona kifua kinabana?”

Mwalimu wa zamu, aliyekuja kuona kelele za nini, akautazama mkono wangu mtupu, kisha mguu wa beberu.

“Bibi,” nikasema, “pumzi hiyo si yangu.”