Koti la Mzee Debe

"Kaa tena," alisema Mama Anastazia.

Yahaya akasimama. Akavua kofia, akaifutia stuli, akaipuliza stuli yenyewe, ndipo akakaa. Hiyo ilikuwa mara ya nne, na jasho lilishafika kiunoni.

Mama hakucheka.

Kwenye sebule hii ya Mlali, wanaume watatu walishakaa kwenye stuli hiyohiyo kabla yake. Wote watatu walirudishwa mjini kwa maneno mawili: "Siye huyu." Mmoja alikuwa nyota mkubwa kutoka Dar. Aliondoka chai yake ikiwa bado ya moto.

Bila sahihi ya mama hakuna filamu. Nchi nzima ilimpenda Mzee Debe, dalali wa mahindi wa kwenye televisheni aliyeuza gunia moja kwa watu watatu halafu akawapatanisha. Lakini kabla hajawa wa nchi nzima, alikuwa Batholomeo, mume wa huyu mama.

Evelina, dairekta, alikuwa kabana faili kifuani kama mtoto mchanga. Kesho asubuhi kamera zinatakiwa soko la Kibaigwa. Na Yahaya ndiyo kabisa: kaacha chuo pale Chimwaga, zimebaki semista mbili, kwa ajili ya nafasi hii ya kumwigiza Mzee Debe. Baba yake kule Kondoa alishamwambia arudi na shahada au arudi na jina. Mikono mitupu, asirudi.

"Mlenda umeungua," mama akasema ghafla, macho makavu.

Yahaya akanusa hewa. Akajikuna sikio kwa kidole gumba. "Haujaungua, mama watoto. Umeiva ukapitiliza."

Evelina akaangua kicheko, kisha akakimeza haraka. Mama Anastazia alikuwa kainuka kwenye kiti.

Akamsogelea Yahaya mpaka akawa anamhemea usoni.

"Hayo ya kufuta stuli kwa kofia hayapo kwenye filamu hata moja. Kwenye filamu anakaa tu. Alikuwa anafanya humu ndani. Wewe umeyatoa wapi?"

Yahaya akamtupia jicho Evelina. Evelina naye akaangalia dari.

"Msibani, mama," akasema. "Nilikuja kuzika."

Miaka miwili iliyopita korongo lilijaa maji usiku mmoja, likazoa gari la Mzee Debe na daraja lenyewe. Gari lilikutwa mbali huko chini, milango wazi, halina mtu. Siku ya tano familia ikachoka kutafuta, ikazika jeneza lenye suti.

"Tulikuja basi zima kutoka chuo," Yahaya akaendelea. "Sasa pale nje alikuwepo mtani wenu mmoja, wa hawa wanaofanya mzaha msibani. Kajipaka majivu uso mzima, kavaa koti kama la marehemu, anamwigiza. Anavyotembea, anavyokaa, anavyolalamikia mboga. Mama, nisamehe, tulicheka mpaka tukasahau tumefuata nini. Mzee mmoja pembeni yangu akasema, 'Huyu mtani kajitahidi, ila sauti hajaipata.'"

"Halafu?"

"Halafu akala ubwabwa sahani tatu, akaaga, akashika njia kwa miguu. Mimi nilikuwa nyuma yake siku nzima, kila anachofanya nakishika kichwani. Filamu sikuangalia hata moja. Nilimwiga yule." Akaikunja kofia mikononi. "Kama nimekosea, mama, niambie tu."

Mama alikuwa anaangalia koti alilovaa Yahaya. Vifungo vinne vya kaki, na kimoja, cha pili kutoka chini, chekundu.

"Na hiki?"

"Yule mtani alikuwa nacho hivyohivyo. Nikamwambia fundi anishonee."

"Mama, kama kinakukera tunakitoa sasa hivi," Evelina akarukia. "Yahaya, kitoe!"

"Kiache."

Akakishika. Akakizungusha kwa vidole viwili, taratibu, kama anayepima kama nyanya imeiva. Yahaya alishaanza kupanga namna ya kumpigia baba yake simu.

"Siku ile nilikuwa humu ndani na wanawake wenzangu," mama akasema. "Nikasikia watu wanacheka huko nje. Nikauliza kuna nini, nikaambiwa ni mtani. Sikuwa na akili ya kuuliza mtani gani."

Akarudi kwenye kiti chake, akakaa kwa uzito.

"Kifungo chake kilikatika asubuhi ile anaondoka mara ya mwisho. Cha kaki sikuwa nacho. Nikang'oa kwenye blauzi yangu, nikamshonea koti likiwa mwilini, gari linaunguruma hapo nje. Nikamwambia, tulia, nitakuchoma."

Evelina akakiangalia tena kifungo chekundu.

"Na watani wetu," mama akasema, "wote wako ng'ambo ya korongo. Wiki ile hakuvuka hata kuku."

Stuli ikalia chini ya Yahaya.

"Lete hiyo karatasi."

Evelina akaitoa kwenye faili, akamwonyesha pa kusaini. Juu palikuwa pameandikwa: *Mimi, Anastazia, mjane wa marehemu Batholomeo, naridhia.*

Mama akavaa miwani. Akasoma, kidole kinafuata maneno. Kisha akachukua kalamu, akakata neno *mjane*, juu yake akaandika *mke*.

Akakata na *marehemu*. Hapo hakuandika kitu. Akatia sahihi.