Bonde la Bure

"Shika kamba, usiiachie," Panzi aliandika. "Nikifika ng'ambo nitakuvuta na wewe."

Mama, fundi cherehani, alikandamiza kidole gumba kwenye kioo cha simu. Kidole kilikuwa kimekomaa kwa miaka ya sindano, na mara nyingi kioo hakikukihisi. Kamba ya gemu ikamponyoka. Panzi akatumbukia mtoni, kisha akaibuka tena ukingoni, ametota.

"Samahani," mama aliandika.

"Haidhuru. Siku hizi unacheza kama mama yangu."

Mama alicheka. Halafu akaiweka simu mezani, kando ya cherehani, akajifuta macho kwa kipande cha kitambaa cha mteja.

Simu ilikuwa ya mwanawe. Humo kwenye gemu mtoto alijiita Kunguru, na rafiki yake akajiita Panzi, makusudi, ili waikomeshe ile methali ya vita vya panzi kuwa furaha ya kunguru. Hawakuwahi kuonana uso kwa uso. Asubuhi, wenzao wakiwa darasani, wao walikuwa humo wakijenga na kubomoa, Kunguru akiwa ameegemezwa mito kitandani.

"Huyo mwenzako haendi shule?" mama aliwahi kumuuliza.

"Na yeye ana mambo yake, mama. Lakini ana mdomo huyo! Kama cherehani yako, akianza hakatiki."

Wote wawili walikuwa wakiingojea nyongeza. Watengenezaji wa gemu walikuwa wameahidi bonde jipya, bure kwa kila mchezaji. Nyongeza nyingine zote ziliuzwa, na mtoto aliijua hali ya nyumbani, hakuwahi kuomba hata moja. Hii aliiomba, tena kwa Mungu, si kwa mama.

Ilikuja viti vya msiba vikiwa vimesharudishwa kwa wenyewe. Simu ikalia juu ya kitanda kilichotandikwa: *Bonde limefunguliwa. Pakua bure.* Mama hakuwa na moyo wa kuizima simu ile. Akabonyeza, hata hakujua kwa nini. Bonde halijamaliza kupakuliwa, ujumbe ukaingia.

"Kunguru, upo?"

Angejibu nini? Mtoto wa watu yuko huko aliko, anamngoja rafiki yake. Akaandika: "Nipo. Nilizidiwa kidogo."

Panzi alikawia kujibu. "Pole. Basi tutakwenda taratibu."

Kwa kuwa bonde lilikuwa geni kwa kila mtu, ugeni wa mama haukuonekana. Wachezaji wengine nao walikuwa wakilia na yao. Mama aliyasoma maoni yao akisubiri pasi ipate moto. "Rahisi ghali, lakini bure ni msiba," mmoja aliandika. "Bonde zima hakuna hata adui wa kupiga!" Mwingine alinung'unika kwamba madaraja yote yanataka watu wawili: "Sisi tusio na marafiki tukajitose?" Chini kabisa mtu alisema tu, "Asanteni. Nimecheza na dada yangu, tulikuwa hatusemezani."

Panzi mwenyewe alikuwa amebadilika. Ule mdomo wa cherehani haukuwepo tena. Aliandika maneno machache, yaliyonyooka, na alikuja jioni tu. Mama akajifariji kwamba huenda amerudi shule. Kila walipoagana, Panzi aliuliza, "Umekula? Dawa umekunywa?"

Mtoto kalelewa huyu, mama aliwaza, na moyo ukazidi kumuuma.

Dada mkubwa wa mama alipokuja kupimwa gauni, alimkuta ameinamia kioo.

"Hiyo si simu ya marehemu?"

"Kuna mtoto humu, dada. Anamngoja mwanangu."

"Na wewe ndiye unamjibu?"

Mama aliigeuza simu kifudifudi, akachukua utepe wa kupimia.

"Mdogo wangu, najua unavyoumia. Lakini huyo ana wazazi wake. Siku akijua, atalia mara mbili: atamlilia rafiki yake, na atalia kwamba mtu mzima alimdanganya. Angekuwa wako, ungependa?"

Mama alimpima kiuno, akaandika kipimo.

Jioni ile walivuka daraja la mwisho. Safari hii kamba haikumponyoka. Ng'ambo hakukuwa na hazina wala jumba, ni kilima cha majani na jiwe la kukalia. Ndiyo maana watu walikuwa wamekasirika. Kunguru na Panzi wakaketi, jua la gemu likawamulika.

"Pazuri," Panzi aliandika.

Mama alivuta pumzi. Akaandika polepole, akifuta, akirudia.

"Panzi, mwanangu, nisamehe. Mimi si Kunguru. Mimi ni mama yake. Kunguru tulimzika kabla bonde hili halijafunguliwa. Ulipomwita, nilishindwa kukuambia."

Akatuma. Kioo kikaonyesha kwamba Panzi anaandika, kisha kikaacha. Kikaonyesha tena, kikaacha. Mama alimwona akilini mtoto asiyemjua, yuko peke yake chumbani. Akaongeza haraka: "Kama baba au mama yuko karibu, mwite akae nawe. Usilie peke yako."

Pale kilimani Panzi alikuwa bado ameketi, hakuondoka.

Kisha jibu likaja.

"Pole sana, mama Kunguru. Mimi ni baba yake Panzi. Wetu naye hakuliona bonde. Nilikuwa nachelea kumwambia mwanao."