Salamu za Goti

Siku hizi kompyuta ya nyumbani huazimishwa sauti ya mwenye nyumba, wala hakuna anayeona ajabu. Wengine huitumia kuwafukuza wachuuzi mlangoni. Tausi aliipa kazi moja: kila asubuhi, yeye akijipodoa, imwamkie mama yake, Bi Hidaya, chumbani kwake.

Jumamosi fundi Mbaraka alikuja kuiongezea kumbukumbu. Alifungua kasha, akapuliza vumbi, kisha akauliza mbele ya Bi Hidaya, aliyekuwa akichambua mchele: "Dada, na hii shikamoo ya mama niiache au niifute?"

Tausi alitamani ardhi immeze. "Ifute! Nilikuwa najaribu tu." Akamgeukia mama yake haraka. "Shikamoo mama. Umeamkaje?"

"Marahaba mwanangu. Nimeamka salama, ila hili goti..."

"Pole mama. Fundi, na ile feni inayopiga kelele?"

Bi Hidaya aliokota chuya moja, akaitupa. "Baba, usiifute," alimwambia fundi kwa upole. "Tangu siku ya kwanza nilijua si yeye. Lakini ile nikiieleza habari za goti, hunyamaza mpaka nimalize."

Mbaraka aliinamia skrubu zake. Hakufuta kitu.

Kesho yake, mbele ya kioo, Tausi aliisikia sauti yake mwenyewe chumba cha pili ikiuliza goti limelalaje. Mama yake akaanza kusimulia. Tausi alikwenda hadi mlangoni, akainua mkono abishe hodi, akaona haya kuwakatiza.