Saa Moja ya Theluji

Mjini Tanga kila nyumba hupata saa moja ya theluji kwa mwaka, na joto linaloondolewa hapo humiminwa kwa jirani. Leo ilikuwa zamu ya Bi Mize, na mtambo wa theluji ulinguruma uani kwake. Mjukuu wake, Tatu, alikinga ulimi.

"Bibi, mbona haina ladha?"

"Ulitaka itiwe sukari, mlafi wee?"

Jirani yao, Mama Hidaya, akawarushia shali juu ya ukuta. "Jifunikeni, wenzangu! Mimi huku naiva kama muhogo!"

Wakacheka. Bi Mize akajaza theluji bakulini ampelekee.

"Mama Hidaya, pokea!"

Kimya. Akaugusa ukuta, ukamuunguza.

"Tatu, zima mtambo."

"Bibi! Ukizimwa ndiyo basi mpaka mwakani!"

"Zima, mama."

Theluji ikakoma. Bi Mize akaita tena.