Mwizi wa Kaka Yangu

Mchi wa Mama uligonga kinu taratibu kabla ya adhana. Alikuwa akitwanga iliki ya mkate wa kumimina wa wifi yake. Kulipopambazuka Tausi akawasha gari, na Mama akalipakata sinia njia nzima.

"Wanasema wifi hamjui mtu tena," Mama alisema. "Hata mwanawe anamwita bwana. Akinisahau na mimi, mwanangu, nani atakayenikumbuka nilivyokuwa bibi arusi?"

Tausi alipunguza mwendo kwenye mashimo, mkate usije ukavunjika.

Shangazi Mwanahawa walimkuta barazani, jirani amemvisha khanga safi na kumchana nywele. Mama akainama kwa adabu. "Shikamoo, wifi."

"Marahaba," akaitikia kwa upole, kama anayemjibu mpita njia. Mama akafuta macho kwa ncha ya mtandio.

Tausi akamnong'oneza, "Lakini Mama, nyinyi mliamkiana kwa adabu lini?"

Mama akamtazama. Kisha akashika kiuno. "We kizee! Umekaa hapo kama gunia la mkaa, hata maji humpi mgeni?"

Shangazi akageuka polepole. Midomo ikaanza kumcheza. "Aa! Mwizi wa kaka yangu! Umeniletea mkate huo au tofali?"

Wakacheka mpaka wakashikana. Jina la Mama hakulitaja hata mara moja, lakini walipoaga alimng'ang'ania mkono.

"Uje tena, mwizi we. Hawa wengine wote wananiheshimu tu."