Isale Kwenye Faili

Nilifungua faili la nyimbo tukiwa tumeshajipanga jukwaani, nikakuta jani la isale, bichi, limefungwa fundo. Kwetu Uchagani, anayekuletea isale anaomba msamaha, na isale halikataliwi.

Faili langu alikuwa amelibeba Fabian. Tangu kwaya ya chuo mpaka hii ya wahitimu, tumesimama bega kwa bega. Kaka yangu alipogongwa na gari lisilojulikana kwenye kona ya kwenda Uru akafa, Fabian ndiye aliyekuwa akinirudisha nyumbani kila baada ya mazoezi. Alizunguka njia ndefu, tusipite pale. Nilidhani ananihurumia.

Nilimgeukia. Kola ya shati lake ilikuwa imelowa jasho.

"Nilisimama, dada," alinong'ona. "Nikaogopa kushuka."

"Alikuwa hai?"

"Aliniita kwa jina."

Mwalimu wa kwaya aliinua mikono. Wimbo ulipaswa kuanza na sauti yangu, peke yangu, na kanisa zima lilikuwa likiningoja.

Kwenye benchi la mbele, mama aliliona jani mkononi mwangu. Akamtazama Fabian. Akasimama.