Barua Arobaini na Moja Dhidi ya Darren

Barua ya thelathini na tatu ilidai kwamba utani wa Darren Oldroyd ulimfanya mwandishi ashindwe kumaliza chai yake. Bi Beryl Hathersage, mwenyekiti wa kamati ya halmashauri, aliishika kwa vidole viwili kama soksi ya mgeni, akaiweka chini. Kwa mji wa Whelksea, pwani ya Uingereza, chai kubaki kikombeni si jambo dogo.

Barua zote arobaini na moja zilikuwa na ombi moja: halmashauri imzuie mchekeshaji huyo kupanda jukwaa la ukumbi wa gatini Ijumaa. Amemkashifu meya. Amewakashifu hata shakwe wa ufukweni. Amesema chipsi za pale zina ladha ya mwavuli uliolowa.

Darren alikaa mbele ya kamati, shati limemlowa kwapani. Riziki yake ilikuwa mikononi mwa wazee saba na sahani ya biskuti. Kando yake alikaa Olwen Prosser, wakili wa haki za binadamu, aliyesoma habari zake gazetini akaja mwenyewe, bila kuitwa na bila malipo.

Bi Beryl akamuuliza kama ni kweli alimwita meya gunia lililovishwa mkufu wa umeya.

"Kweli, mama," alisema Darren. "Na Ijumaa nina mengine mabaya zaidi. Mke wake naye yumo."

Olwen akamkanyaga mguu chini ya meza. "Kaka, funga mdomo, niachie mimi," alinong'ona. "Unataka wakufungie kweli?"

Kisha akasimama. Alisema ukumbi ni wa halmashauri, na halmashauri ni chombo cha umma, kwa hiyo Sheria ya Haki za Binadamu inaibana. Kifungu cha Kumi kinalinda hata maneno yanayoudhi, maana maneno matamu nani atayashtaki? Wakimzuia kwa sababu ya utani tu, wataonana Mahakama Kuu. Aliposema Mahakama Kuu, wajumbe waliacha kutafuna.

Mzee Stan Murgatroyd, mjumbe asiyeamka ila kwa kupiga kura, safari hii aliamka mapema. Akawakumbusha kwamba mji wa jirani walimfungia mmoja wa aina hii mwaka jana, na sasa yuko kwenye televisheni kila Jumamosi. Huyu wao ana ukumbi wa viti mia nne, na watu waliokata tiketi ni sita, wawili wakiwa wafagiaji wa humo humo.

"Sasa tunahangaikia nini?" aliuliza. "Mwacheni aseme. Nani atamsikia?"

Darren akaomba angalau zisomwe kwanza barua nane zilizobaki, haki itendeke. Hawakumsikiliza. Mikono saba ikapanda: aruhusiwe.

"Nenda kawachekeshe, mwanangu," alisema Bi Beryl. "Ni haki yako."

Darren alijifunika uso kwa viganja, akalia mpaka mabega yakatikisika. Olwen naye machozi yakamlenga. Akasema katika miaka kumi na mbili ya uwakili hajaona mtu anayeupenda uhuru kiasi hicho.

Nje, upepo wa bahari ukimchapa, Darren alipiga simu nyumbani.

"Mama," alisema, "mkono umekuuma bure kwa kuandika barua zote zile. Wameniruhusu."